Buti la kupanda mlima: Ununue mtandaoni au uende dukani?

Ukitaka kujua kama buti lako lilikuwa saizi sawa, usiulize wakati unapanda. Ngoja wakati wa kushuka.

Mimi nilijulia Mlima Kenya. Tulitoka kambi ya Shipton's usiku wa manane ukiwa umeshapita, tukafika Point Lenana jua likichomoza, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Tukapiga picha, tukakumbatiana, kila mtu akajiona shujaa. Halafu tukaanza kuteremka kurudi lango la Sirimon. Haikupita nusu saa kabla vidole vyangu havijaanza kugonga ncha ya kiatu. Kila hatua, gonga. Kila hatua, gonga. Kufikia kambi ya Old Moses nilikuwa nashuka nikitembea kinyumenyume, wenzangu wakidhani ni madoido. Nilipovua soksi, kucha mbili zilikuwa nyeusi tii. Zote zilitoka wiki chache baadaye, na ule wa kidole gumba ulichukua karibu mwaka mzima kuota tena ukaitwa ukucha.

Buti lenyewe nilikuwa nimelinunua mtandaoni kwa Sh4,500, siku tisa kabla ya safari. Kwenye picha lilikuwa moto wa kuotea mbali. Namba iliyoandikwa ilikuwa namba yangu. Muuzaji, ambaye hata nikitaka kumlaumu ukurasa wake haupo tena, alinihakikishia kwamba "saizi ni ile ile, usiwe na shaka."

Mbona nakusimulia haya leo? Kwa sababu wiki mbili zilizopita, saa tano usiku, mdogo wangu alinitumia linki kwenye WhatsApp.

"Siz, hii iko aje? Imeshuka kutoka elfu tisa hadi tano na nusu. Ofa inaisha saa sita usiku."

Yeye na marafiki zake wa chuo wanataka kupanda Lenana Desemba. Nikamwandikia: "Mguu wako una sentimita ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Mimi huvaa 42."

"Sijauliza unavaa ngapi. Nimeuliza mguu una sentimita ngapi."

Hakujua. Na wewe unayesoma hapa ukiwa kwenye matatu, ukiwa mkweli, pia hujui.

Sasa, usinielewe vibaya. Mtandao una raha yake na sitakudanganya kwamba duka ni takatifu. Ukiwa na simu unaweza kulinganisha bei za mabuti 30 kabla chai haijapoa. Unasoma maoni ya watu waliolivaa tayari, na wakati mwingine mtu ameweka picha ya soli ikiwa imebanduka, jambo ambalo hakuna mwenye duka atakuonyesha. Halafu kuna suala la miguu isiyo ya kawaida. Kama wewe ni dada wa namba 43 ama jamaa wa 47, unajua vile utazunguka katikati mwa jiji ukiambiwa "hiyo tumemaliza," kumbe hawajawahi kuileta. Kwa watu kama hao mtandao ni mkombozi kabisa.

Ila bei ya mtandaoni ina mikia. Ukiagiza kutoka ng'ambo, ile namba unayoona si ile utakayolipa. Kuna nauli ya mzigo, na buti si fulana, jozi moja inaweza kupita kilo moja kwa urahisi. Kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 16, kuna ada nyingine ndogo ndogo zinazokungoja mzigo ukitua. Na likikubana? Utalirudisha kwa gharama ya nani? Watu wengi hufanya hesabu hiyo mara moja, wanalikunja buti chini ya kitanda, kisha mwaka ujao wanampa binamu.

Wauzaji wa hapa nyumbani ni nafuu kidogo kwa upande huo, hasa wale wanaokubali ulipe ukishapokea. Lakini uliza kabla, si baada: Nikirudisha, nani analipa boda? Narudishiwa pesa ama napewa tu "kitu kingine cha bei hiyo"? Nina siku ngapi? Akianza kukuzungusha kwa maswali hayo matatu, hiyo ni alama tosha. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari za kutosha kuzihusu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu mikataba ya intaneti. Haki unayo. Lakini kumtafuta mtu wa "bei njoo inboksi" aliyekublock, akiwa hana duka wala jina kamili, ni kazi ya mtu mwenye muda mwingi kuliko wewe na mimi.

Ukipokea buti nyumbani, livalie ndani ya nyumba, juu ya zulia ama sakafu safi, na usikate lebo. Likishagusa tope la Ngong, ni lako.

Turudi kwa zile sentimita, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotelea.

Namba 42 si kipimo cha mguu wako. Ni jina tu ambalo kiwanda kimeupa mguu wa urefu fulani, na kila kiwanda kina mawazo yake. Kwa mfumo wa Ulaya, kutoka namba moja hadi nyingine ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7 hivi. Kwa mfumo wa Uingereza ni theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Mifumo hiyo miwili haikutani vizuri, ndiyo maana ukifungua ulimi wa kiatu cha Salomon unaweza kukuta imeandikwa 42 2/3 ukashangaa hiyo theluthi imetoka wapi. Na 8 ya Uingereza si 8 ya Marekani. Muuzaji anayekuandikia "namba 8" bila kusema ni ya wapi hajakuambia kitu.

Isitoshe, kila kampuni hushona viatu vyake kwenye umbo lake la mguu. Kuna zinazobana mbele, kuna zilizo pana. Miguu mingi ninayoijua, ya watu waliokulia wakicheza pekupeku ama na sandaki, ni mipana mbele. Urefu unaweza kuwa sawa kabisa na bado kidole cha mwisho kikalia siku nzima.

Wenzetu wa kwenye theluji walishachoka na mchezo huu. Buti la skii ni gamba gumu la plastiki, halinyooki wala halizoei mguu kama ngozi, kwa hiyo likikosea hata kidogo ni mateso. Wao huuziwa kwa kipimo kinachoitwa Mondopoint, ambacho ni urefu wa mguu wenyewe: mguu wa sentimita 26.5 huvaa 26.5, basi. Na hata hivyo, wengi bado hulipeleka buti kwa fundi maalumu alipashe moto na kulipanua pale linapobana. Ukidhani skii haituhusu, kumbuka Sabrina Simader alivaa mabuti hayo akiiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Pyeongchang mwaka 2018. Sijui fundi wake, ila najua hakununua usiku wa saa tano kwa sababu ofa inaisha.

Kwa hiyo pima. Ni kazi ya dakika tano. Fanya jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyoenda, na mlimani utavimba zaidi. Vaa soksi nzito utakazopanda nazo. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, kanyaga kisigino kikiwa kimegusa ukuta, simama uzito wote ukiwa kwenye mguu huo, mwambie mtu aweke alama kwenye kidole kirefu zaidi. Si lazima kiwe kidole gumba, kuna watu kidole cha pili ndicho kirefu. Pima upana pia, pale mguu ulipo mpana kuliko kwingine. Kisha fanya mguu wa pili, maana mara nyingi miguu haitoshani, na utanunua kwa kufuata ule mkubwa.

Sasa una namba ambayo hata muuzaji wa mtandaoni anaweza kuifanyia kazi. Mwambie akupimie soli ya ndani, ile inayotoka, aweke rula kando yake apige picha. Anayejali mauzo yake atafanya. Soli hiyo iwe ndefu kuliko mguu wako kwa upana wa kidole kimoja hivi.

Lakini rula haiwezi kukuambia kila kitu, na hapo duka linashinda, iwe ni duka la vioo kwenye mall ama kibanda cha mabati Gikomba.

Dukani, ingiza mguu bila kufunga kamba, usukume mbele hadi vidole viguse ncha. Kidole kimoja cha mkono kinapaswa kuingia nyuma ya kisigino. Kikikosa kuingia, buti ni dogo. Vikiingia viwili kwa raha, ni kubwa. Kisha rudisha kisigino nyuma, funga kamba vizuri, tembea. Kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu, maana huko ndiko malengelenge huzaliwa. Halafu tafuta ngazi, ama ukingo wa barabara, ama chochote kilichoinama, ushuke. Gonga ncha ya kiatu chini kwa nguvu kidogo. Vidole vikigusa mbele hapo dukani, ukiwa umepumzika na huna mzigo mgongoni, fikiria vile itakuwa baada ya saa sita za mteremko.

Kaa nalo mguuni dakika kumi na tano. Najua utaona haya. Mwenye duka atakuangalia. Piga stori naye, uliza bei ya soksi, fanya vile unajua. Jambo linalokukera kidogo dakika ya kumi litakuwa kidonda saa ya tano.

Sasa Gikomba na Toi. Vijana wengi wa haiki jijini wamevishwa na mtumba, na mimi pia, sasa hivi nina buti la mtumba ambalo siliuzi hata kwa dawa. Ukiamka mapema siku bunda linapofunguliwa unapata kamera, ukienda jioni unapata fagia, na bei ni ya mdomo wako. Kwa pesa ya buti jipya la kubahatisha mtandaoni, unaweza kupata la kampuni kubwa lililotembea kidogo tu Ulaya.

Ila kuna mtego mmoja ambao wengi hawaujui, na ningependa ukumbuke hata ukisahau mengine yote. Kati ya raba ya chini na ngozi ya juu, mabuti mengi yana tabaka la povu liitwalo poliurethani. Povu hilo ni zuri sana kwa kubeba uzito, lakini huzeeka hata likiwa limepumzika. Unyevu ulio hewani hulivunja polepole kwa miaka, ndani kwa ndani, wala huoni kitu. Kiatu kinaweza kuwa hakijavaliwa hata mara tano, ngozi inang'aa, meno ya soli bado makali, halafu siku ya kwanza mlimani povu linabomoka kama mkate wa juzi na soli yote inaachia.

Nimeiona ikitokea, si kwangu, kwa jamaa tuliyekuwa naye Elephant Hill kule Aberdare. Buti lake lilikuwa safi kuliko yetu sote. Kwenye mianzi soli ya kulia ikaanza kupiga makofi. Juu zaidi ya kushoto nayo ikafuata. Tulimfunga na kamba za begi na tepu, akateremka kwenye lile tope akiwa ameshikwa mikono huku na huku kama bwana harusi mlevi. Tulicheka baadaye. Wakati ule hatukucheka, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na kundi zima lilikuwa linatembea kwa mwendo wake.

Na usidhani fundi wa viatu wa mtaani atakuokoa. Soli iliyobanduka gundi, hiyo atakushonea pembeni na itashika vizuri, tena ningekushauri umshonee hata kabla haijabanduka. Lakini povu lililooza halishikiki na uzi.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mtumba, likunje buti kwa nguvu, uangalie ubavu wa soli kama kuna nyufa ndogo. Bonyeza povu kwa ukucha. Likibaki na shimo, ama likitoa unga, ama likinata, rudisha kwenye rundo hata kama ni kamera ya kamera. Tazama pia lebo iliyo ndani ya ulimi, baadhi ya kampuni huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. La chini ya miaka mitano nalichukua bila wasiwasi mwingi. La miaka kumi silitaki hata la bure.

Hii pia inagusa mtandao. Zile ofa za "mapya kabisa, nusu bei" wakati mwingine ni mabuti yaliyolala ghalani miaka mingi. Mapya, ndiyo, lakini si machanga. Uliza picha ya hiyo lebo.

Kuna tabia moja nataka kuisema hapa hata kama itakuudhi. Unaingia dukani, unamfanya dada wa watu ashushe maboksi sita, anakufunga kamba, anakupa ushauri wa nusu saa, unapiga picha ya namba, unasema "wacha nifikirie," kisha ukifika kwa stage unaagiza lile lile mtandaoni kwa sababu limepungua Sh600. Nimewahi kufanya hivyo. Sikujisikia vizuri, na safari iliyofuata nilipohitaji kubadilisha soli ya ndani, nilirudi kwa duka lile lile nikiwa naangalia chini. Ile tofauti ya bei ndiyo mshahara wa mtu aliyekusaidia kujua mguu wako. Ukitaka ushuke bei, sema: "Madam, mtandaoni nimeiona kwa hii, tufanye aje?" Wengi watakupunguzia, ama watakuongezea soksi. Hii ni Nairobi, bei haijaandikwa kwenye jiwe.

Ukiniuliza mimi, buti la kwanza la mlimani linunue pale mguu wako unaweza kuingia ndani kabla pesa haijatoka. Mall, Toi, popote. Likishakutembeza mlima mmoja bila matatizo na ukajua kampuni, toleo na namba inayokukaa, basi la pili agiza mtandaoni bila woga na ufurahie hiyo bei. Na nunua mapema, mwezi mmoja kabla ya safari angalau, si siku tisa kama mimi. Buti jipya linahitaji wikendi kadhaa za kuzoeana na mguu.

Na pengine huhitaji kununua kabisa. Kwa Karura ama Ngong wakati wa kiangazi, raba zako za kukimbia zenye meno mazuri zinatosha. Longonot pia, ukijua kwamba vumbi litaingia kila mahali. Buti linaanza kuwa na maana ukibeba mzigo mzito, ama kwenye tope la Aberdare, ama ile njia ya Naro Moru ambako kuna kinamasi kwenye mwinuko, unapanda huku unazama. Kama ni Lenana mara moja maishani kwa ajili ya picha, waongoza watalii wa Nanyuki na Naro Moru hukodisha mabuti. Ila kukodi hakukuondolei kipimo cha kidole nyuma ya kisigino. Fika siku moja mapema uyajaribu.

Mdogo wangu aliiacha ile ofa ikaisha. Aliponinunia siku mbili, nikamchukua Jumamosi asubuhi tukaenda Toi na karatasi yake ya vipimo, sentimita 26.8 mguu wa kulia, 26.4 wa kushoto. Alijaribu jozi tisa. Ya nne ilikuwa nzuri kuliko zote kwa macho, na povu lake likabaki na alama ya ukucha wangu. Ya tisa ilikuwa 43, rangi ya ugoro, haina sura. Muuzaji alianza na Sh5,000, tukamaliza na Sh3,200 pamoja na kamba mpya.

Kila jioni sasa anapanda na kushuka ngazi za ploti yao Umoja, gorofa ya chini hadi ya tano, begi mgongoni likiwa na jerikeni ya maji ya lita kumi. Majirani wamemzoea. Mama wa gorofa ya tatu amemwambia kama lazima abebe maji kila siku, basi angalau awe anamwachia ya kwake mlangoni.